Chungwa Chini ya Tuta

Saa tatu asubuhi Heulwen alidondosha chungwa
mdomoni mwa kalvati namba arobaini na saba,
pale kijito kinapoinama
kupita chini ya tuta lisilo na reli tena.
"Hesabu," akaniambia.
Chungwa hufaa kwa kazi hii: nusu huelea, nusu huzama,
na rangi yake haifichiki
hata katika maji haya ya mboji, meusi kama chai ya rangi.
Sekunde arobaini, alisema, likichelewa sana.
Nilifika mia sita.

Upande wa chini, Tudno Gwilt, mwenye kondoo,
alikuwa amekalia lango, anatafuna njiti ya kiberiti,
analitazama tundu kama mtu anayengoja barua.

Huku Wales mvua haiombwi.
Walioleta reli vilimani
waliyapa maji njia kwanza,
ndipo wakailaza njia ya moshi.
Treni zilipigwa picha. Daraja kubwa likapigiwa bendi.
Kalvati hakuna aliyelipigia hata mluzi.
Ukiona vyapita juu, jua chini vimechimbwa.

Mataruma yaling'olewa kabla sijazaliwa,
vyuma vikauzwa kwa kilo.
Yamebaki matundu mia na kumi na mawili,
na kila tundu lina fomu yake, na fomu ni zetu.
Mchoro wa mhandisi unasema:
sanduku la mawe, futi tatu kwa nne,
limenyooka, limekaguliwa, limepokelewa.
Sahihi yake ina mkia mrefu kuliko maelezo.

Heulwen akafunga kamba kiunoni,
akabana penseli kwa meno, akaingia kwa magoti.
Nikaachwa na kamba. Inavuta, inalegea, inavuta.
Sauti ilinijia imechujwa na mawe:
"Dari ya vibamba... chokaa bado ngumu...
alama ya mwashi, mkia wa samaki...
kinyesi cha fisi maji, kibichi, kina magamba."
Kisha kimya.
Kisha kicheko.

"Limepinda!"

Limepinda, bwana. Katikati kabisa,
ambako hakuna mkaguzi aliyewahi kutambaa na suruali yake safi.
Genge moja lilitoka mashariki, jingine magharibi,
kila moja na mshumaa wake na msimamizi wake wa kufoka,
wakakosana kwa upana wa mabega.
Wafanyeje? Mvua iko njiani. Mshahara ni Jumamosi.
Walichonga mawe saba kwa mshazari,
wakaugeuza ukuta taratibu, kama mtu anayebadili mazungumzo
mama mkwe akiingia,
na maji yakapita bila kuuliza.
Miaka mia moja na sitini, bila kuuliza.

Chungwa lilikuwa pale kwenye kiwiko,
limejibanza jiwe la nne, linazunguka mahali pamoja.
Na juu ya jiwe hilo, kwenye chokaa, kidole gumba.
Si patasi. Kidole, na mistari yake:
mtu alijaribu kama imekauka, haikuwa imekauka.
Heulwen akaweka chake. Hakikuingia.
Kile kilikuwa cha mtoto, wa kubeba ndoo pengine.
Haya alinieleza baadaye;
wakati ule nilihisi tu kamba imetulia.

Halafu akalisukuma chungwa.

Nilipozunguka tuta, Tudno alikuwa ameshalimenya.
"Lile bomba la plastiki la halmashauri," alisema, mdomo umejaa,
"wameliweka mwaka juzi, limenyooka kama rula.
Limeziba. Malisho yangu ya bondeni ni ziwa."
Akatupa maganda kijitoni.

Jioni, garini, matope hadi kwenye nyusi,
Heulwen alifika kwenye kisanduku kilichoandikwa Kasoro.
Penseli ilisimama muda mrefu.
Akaandika: Kiwiko, mawe saba. Tazama mchoro.
Na chini yake, penye Hali ya Sasa, neno moja,
nukta ameikandamiza mpaka karatasi ikatoboka:
Linapitisha.